Udongo Laini wa Tuta

Jumapili, 3 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka mingi, na sasa moyo wangu, huu wa nyama unaopiga kwa kuruka ruka, umeamua kwamba hautanibebea tena. Udongo wa Tuta una sumu. Mimi ndiye niliyesema hauna.

Tuta ni kilima cha udongo kilicho nyuma ya nyumba yetu, kirefu kama mabehewa matatu ya treni. Jeshi lilikijenga mwishoni mwa uwanja wa shabaha ili kimeze risasi. Askari walilala kifudifudi upande wa pili, wakapiga, Tuta likameza. Jeshi lilipohama, uwanja ulikatwa viwanja, nyumba zikajengwa, barabara ikatiwa lami nusu, na leo dalili pekee ya bunduki ni kilima hicho ambacho watoto wa mtaa hukitumia kuteleza.

Madini ya risasi hayaozi. Yalisagika yakawa vumbi, vumbi likaingia kwenye udongo, na udongo huingia kwenye mizizi, kwenye kucha, kwenye vinywa.

Nilikuwa mkemia wa udongo wa serikali. Nilitumwa kupima kama ardhi inafaa kukaliwa na watu. Nilikosea. Baadaye nilijua kwamba nimekosea. Lini nilijua, nitaandika nikifika huko. Leo nimechoka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanakwenda zao.

Binti yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya chekechea iliyo chini ya mtaa. Kila mtu humwita Mwalimu, hata mimi, kwa sababu anaamuru vizuri. Uwanja wa shule yake hujaa maji kila msimu. Leo, akinivalisha soksi, ameniambia kwamba wazazi wamekubaliana kuuinua. Tuta litabomolewa, na udongo wake utamwagwa uwanjani.

"Udongo wa bure, Baba, tena laini kama unga. Mtoto hata akianguka haumii."

Nilimwambia soksi ya kushoto imebana.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Bati zima lilipiga kelele kama watu waliofumaniwa.

Jumamosi, 16 Machi

Mezani tunakula wanne. Mume wa Mwalimu anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi, akaondoka tena kabla hatujazoea kikohozi chake. Basi ni Mwalimu, mimi, kaka yake, na mjukuu wangu wa miaka mitatu. Huyo namwita Mchumba. Tumeahidiana kuoana akishaota meno yote na yangu yakishamaliza kung'oka.

Kaka yake Mwalimu ndiye kifungua mimba wangu. Tunamwita Mkubwa. Ana miaka arobaini na hajui kusoma saa. Atabeba mfuko wa saruji bila kuhema, atafua shuka za nyumba nzima kabla ya chai, lakini ukimtuma dukani vitu viwili atarudi na kimoja, na huzuni. Mvua ikikatika huenda kwenye Tuta kuokota risasi zilizofukuliwa na maji. Huzitia kwenye kopo la rangi na kulitikisa. Anapenda mlio wake.

Leo Mwalimu aliweka mchicha wa bustani yetu. Bustani ilikuwa ya mama yao, ipo kati ya jiko na Tuta. Udongo wa uani ni mgumu kama roho ya mwenye nyumba, kwa hiyo mama yao alikuwa akichota udongo wa Tuta kwa ndoo, kila mwaka, na Mwalimu aliporudi kuishi nasi baada ya msiba wa mama yake akaendelea hivyo hivyo.

"Kula mboga, mama," alimwambia mtoto.

"Babu hali."

"Babu ni mzee."

"Na mimi mzee."

Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Baba na mboga ni paka na maji!" Utani huo aliuanzisha mama yake, na yeye hajauacha. Halafu akavuta bakuli, akala sehemu yake na sehemu yangu, kama kawaida.

Mwalimu hakucheka. "Unaona, Baba? Wewe daktari amekwambia damu imepungua, hutaki. Sasa na mtoto hataki. Kijiko kimoja tu, umwonyeshe mfano. Nakuomba."

Akanisogezea bakuli. Mchumba akanikodolea macho, akisubiri nifungue kinywa ili naye afungue chake.

Nilinyoosha mkono. Ukatetemeka, kama unavyotetemeka siku hizi, nami nikauacha utetemeke zaidi kuliko ulivyotaka wenyewe. Bakuli likapinduka sakafuni.

"Pole, Baba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema pole. Akapiga magoti, akafuta. Nilimwona mkali sana leo, mtu wa kuhesabu vijiko vya wengine. Lakini mtoto amekula wali mtupu. Uzee una faida zake.

Ijumaa, 22 Machi

Nieleze kosa, maana lilikuwa kosa la msomi. Mtu asiyesoma asingelifanya.

Nilisomea udongo wa mashamba. Mkulima akitaka kujua shamba lake linahitaji mbolea gani, unalitembea kwa kupinda pinda, unachota udongo kidogo hapa na kidogo pale, unauchanganya wote kwenye ndoo moja. Unaukausha, unauponda, unaupitisha kwenye chekeche. Kilichopita ni udongo. Kilichobaki juu ni mawe, unatupa. Unachopima ni wastani wa shamba zima, na kwa mbolea wastani ndio ukweli.

Basi niliutembea uwanja wa shabaha kama shamba la mahindi. Udongo mwingi niliuchota kwenye majani, ambako risasi zilipita tu hewani. Kidogo niliuchota kwenye Tuta, ambako zilitua zote. Nikachanganya. Na vilivyobaki juu ya chekeche havikuwa mawe. Vilikuwa vipande vya risasi, vimepondeka kama mahindi yaliyotafunwa. Niliviona. Nikavitupa kwenye ndoo ya taka, kwa sababu kinachobaki juu ya chekeche hutupwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Wastani ulitoka safi. Ukimlisha mtoto mmoja chakula cha watoto kumi, na wale tisa ukawanyima, kwa wastani wote wameshiba. Nilisema ardhi inafaa kwa makazi na bustani. Nikapewa nyumba ya kwanza, hii inayogusana na Tuta, nami nikajiona mtu wa haki. Nimesema panafaa, nami nimehamia mwenyewe, na mke mwenye mimba.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Kopo la Mkubwa limejaa nusu.

Ijumaa, 29 Machi

Koplo alikuja kunitazama. Ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, askari mstaafu, ndiye aliyekuwa akifundisha vijana kulenga kwenye uwanja huu huu. Hajawahi kupiga hodi kama watu.

"Mkemia! Hujafa tu?"

"Nakungoja utangulie. Wewe ndiye askari."

"Mimi nalinda mlango. Nyie wasomi mtangulie mkaandike majina."

Alikunywa chai yangu na yake. Wazazi wamemchagua asimamie kazi ya Tuta, maana analijua. Alijigamba kweli. Alisema kila mwisho wa mwezi walikuwa wakiulainisha udongo wake, wakitoa kokoto kwa mikono, kwa sababu risasi ikigonga jiwe humrudia aliyeituma. "Ndiyo maana hauna mfano. Hakuna mwanamke wa mtaa huu ambaye hajauchota. Hata yule wangu, alipokuwa wangu."

Koplo alimwacha mkewe zamani. Mimba zilikuwa zikiharibika, na watu wa kwao wakamwambia huyo mwanamke hana kizazi. Tangu hapo anaishi peke yake na redio.

"Ningekuwa na mtoto," alisema, "naye angekuwa na wake pale shuleni. Basi nimesema hata kama sina wangu, nitawajengea wa wenzangu."

Ulimi wangu ulifika kwenye meno. Nikamuuliza kama anataka chai zaidi.

Jumatatu, 1 Aprili

Usingizi. Mvua. Usingizi.

Alhamisi, 4 Aprili

Haijakatika tangu juzi. Maji yanashuka Tuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yanapita bustanini, yanaingia chini ya mlango wa jiko. Mchumba anayapiga piga kwa miguu mitupu na kuimba. Mwalimu ameweka gunia kuyazuia. Amerudi kutoka kazini amelowa, akapika, akamwogesha mtoto, akanipa dawa, akamtafutia Mkubwa kiatu kilichopotea, kisha akalala kitini na kalamu mkononi. Nilikuwa nikimwita mkali. Sikuwahi kumtazama akiwa amelala.

Jumapili, 7 Aprili

Mchumba ana siku ya tatu anashika tumbo. Hataki kucheza. Mwalimu anasema ni minyoo, amempa dawa.

Asubuhi nilimwita, "Mchumba wangu yuko wapi?" Jibu lake huwa, "Yuko sokoni ananunua shela." Tulilitunga pamoja, na kila siku hulisema akikimbia. Leo alinitazama kama mtu aliyesahau ufunguo alikouweka. Alisema "sokoni" na kuishia hapo. Akalala begani kwangu.

Mkubwa alianza hivi. Alikuwa na maneno mengi, kisha machache. Tumbo, usingizi, hasira zisizo na sababu, siku moja akaanguka na kutoa povu. Watu walisema kila kitu isipokuwa udongo.

Alhamisi, 11 Aprili

Fundi amekuja kupima Tuta kwa kamba. Ni mzazi mmojawapo, kijana mcheshi, ana tingatinga la kukodi. Jumamosi wanaanza, mvua iwepo isiwepo, ili watoto wakifungua shule wakute uwanja mpya. Mwalimu anafurahi. Amenionyesha mahali bembea zitakapokaa.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa kitandani. Lazima niandike kabla sijaanza kujipendelea.

Asubuhi nilisikia mngurumo. Mwalimu alikuwa amekwenda shuleni kupokea udongo. Nilimwomba Mkubwa fimbo yangu na mwavuli. Alileta fimbo. Tukatoka na manyunyu, mimi nimemshika kiwiko, tukaizunguka bustani. Ni hatua chache kwa mtu mzima, kwangu ilikuwa safari.

Tinga lilikuwa limeuma kona ya Tuta. Ndani ya jeraha udongo ulikuwa na madoa meupe, ule weupe unaoota juu ya risasi zilizozeeka. Wazazi kama ishirini walikuwa wanaupakia kwenye mikokoteni kwa makoleo, wengine kwa mikono. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wanaimba.

Nilisimama mbele ya tinga. Si ushujaa, ni kwamba nilipofika hapo miguu ilikataa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Fundi akazima mashine. "Mzee, shikamoo. Utatuharibia hesabu hapo."

"Marahaba. Mwanangu, udongo huu usiende shuleni."

"Ulitaka uende wapi, mzee? Harusini?"

Watu wakacheka. Koplo akaja mbio na filimbi shingoni. "Mkemia, rudi ndani, utapata nimonia unitie hasara ya sanda."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, wakanitaka nirudie, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Nilisema udongo wa Tuta una sumu ya risasi, kwamba ni mimi niliyeupima uwanja na nilipima vibaya, kwamba mtoto akiutia kinywani humla akili kidogo kidogo, na watoto wa umri ule hutia kila kitu kinywani.

Fundi akashuka. Hakuwa na utani tena, lakini alikuwa na swali. "Mzee, kwa heshima yako. Watu wamejenga hapa, wamezaa hapa, wamezeeka hapa. Sumu gani hiyo isiyoua miaka yote?"

"Haiui," nilisema. "Inapunguza."

Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa amefika. Alikuwa nyuma yao, ameshika mpini wa mkokoteni mtupu, viatu vimejaa tope. Alimtazama Mkubwa. Mkubwa alikuwa amesimama kando yangu, anatikisa kopo lake, anatabasamu kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mwageni chini," Mwalimu aliwaambia. "Wote. Mkanawe mikono kwa sabuni. Na ule uliokwisha kufika shuleni, tunaurudisha sasa hivi."

"Mwalimu, lakini..." alianza Fundi.

"Nimesema mwageni."

Mkubwa alinibeba mgongoni mpaka ndani. Kila nikipumua nilisikia kopo likilia mkononi mwake.

Jumapili, 14 Aprili

Alinijia baada ya chai. Alikaa kitini, si kitandani kama anavyokaa siku zote.

"Mchumba tumempeleka kupimwa damu. Majibu wiki ijayo au ile nyingine." Akanyoosha kanga magotini. "Baba, nataka kuuliza, na naomba usijibu kama mzee. Jibu kama mkemia."

"Uliza."

"Ulijua lini?"

Nilimwambia kwamba niligundua baada ya mama yao kufariki. Nilisema nilipanga makaratasi yangu ya zamani, nikaanza kushuku. Kisha uzee, kisha aibu.

"Kwa hiyo Mama hakujua."

"Hakujua." Hilo lilikuwa kweli.

"Na wewe hukujua, wakati Mama yupo."

"Sikujua."

Alitikisa kichwa taratibu. "Unajua nilikuwa nafikiri nini, miaka yote? Nilikuwa nafikiri hukunipenda. Nilikuwa na miaka miwili ukanipeleka kwa shangazi. Kaka akabaki. Nilikuwa nikija likizo namkuta amekaa mapajani mwako. Nikasema, huyu ndiye mtoto, mimi ni mgeni wa likizo."

"Mama yako alikuwa anaumwa."

"Ndivyo shangazi alivyosema." Akasimama. "Miaka kumi na miwili, Baba. Miaka kumi na miwili nimepika ile bustani, nimembebea mimba mwanangu juu yake, na wewe umekaa pale mezani."

Hakulia. Heri angelia. Alichukua kikombe changu kwenda kukiosha.

Alhamisi, 18 Aprili

Koplo alikuja, na safari hii alipiga hodi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mkemia, hiyo kitu. Inaharibu mimba?"

Nilimwambia inaweza.

"Zangu ziliharibika kwa hiyo?"

"Siwezi kusema ni udongo, Koplo. Wala siwezi kusema si udongo."

"Alikuwa anaupenda ule udongo. Mpaka sakafu ya jiko alikandika nao." Aligeuza kofia. "Sita, ndugu yangu. Ya sita nilimwambia arudi kwao. Nilimwambia sina haja na mti usiozaa. Nilimwambia mbele ya watu."

Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," na akaondoka. Sijui kama alisema mzigo wangu au wake. Redio yake haijasikika leo.

Ijumaa, 19 Aprili

Mawe mawili yamerushwa juu ya bati. Mkubwa alitoka kuyaokota, akayapanga dirishani.

Jumapili, 28 Aprili

Majibu. Damu ya Mchumba ina risasi, zaidi ya mtoto yeyote anavyopaswa kuwa nayo. Lakini daktari anasema wameiona mapema. Akitolewa kwenye udongo huo, akala vizuri na kufuatiliwa, itashuka, na maneno yake huenda yakarudi. Watoto wengine wa mtaa wanapimwa wiki hii. Watu wa mazingira wamekuja na mavazi meupe, wakaliwekea Tuta utepe na turubai. Walichota Tuta peke yake. Nilitazama dirishani jinsi walivyofanya. Kijiko cha Tuta chupa yake, kijiko cha bustani chupa yake. Hawakuchanganya.

Mwalimu alimuuliza daktari kuhusu kaka yake. Daktari alisema kwa mtu mzima kilichokwenda kimekwenda. Mkubwa akauliza, "Kimekwenda wapi?"

Mwalimu alimshika kichwa akakilaza begani kwake, mtu mzima wa miaka arobaini, pale pale kwenye benchi la hospitali. Aliponisimulia, alinisimulia akinitazama.

Nilijua kwamba ni mimi niliyemkosea Mwalimu siku zote, nikidhani yeye ndiye aliyenikosea.

Alhamisi, 2 Mei

Mwalimu na Mkubwa wameng'oa bustani yote, wamevaa glavu na barakoa. Kopo limechukuliwa. Mkubwa alilia siku nzima. Wamempa jingine lenye maharage makavu, anasema halina sauti.

Pumzi yangu inaishia njiani.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imekwisha. Anga limeoshwa.

Mwalimu alikwenda soko la mbali, kule mboga zinakotoka mashamba ya ng'ambo ya mto, akarudi na mchicha kikapu kizima. Harufu ilinifikia chumbani. Vitunguu vingi, chumvi kidogo, moto wa haraka. Hivyo ndivyo alivyopika mama yangu mzazi, akamfundisha dada yangu, na dada yangu ndiye shangazi aliyemlea Mwalimu. Harufu hiyo nimeizoea tangu Mwalimu arudi, lakini ladha yake sikuwa nimeionja tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mke wangu alipika kwa namna nyingine.

Nikaomba nipelekwe mezani. Aliwawekea Mkubwa na mtoto. Mimi hakuniwekea, amezoea. Nilisogeza sahani.

"Na mimi."

"Baba?"

"Weka, mwanangu."

Aliweka kijiko kimoja. Nikala. Nikasogeza tena sahani. Nilikula mpaka tukayaona maua yaliyochorwa ndani ya bakuli, na nilipangusa mchuzi kwa kidole kama mtoto. Mkubwa akapiga makofi. "Paka kaoga! Paka kaoga!" Mchumba akafungua kinywa wazi, akalishwa, akatafuna akinitazama.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kuacha. Aliweka mwiko mezani. Alinitazama kinywani, akatazama dirishani ilipokuwa bustani, akarudi kinywani.

"Baba," alisema, polepole, kama anavyowahesabisha watoto wake. "Uliacha lini kula mboga?"

"Baba hajawahi!" Mkubwa alinijibia. "Baba na mboga ni..."

"Kaka, subiri. Namuuliza Baba."

"Mwaka niliokupeleka kwa shangazi," nilimwambia.

Alimnyanyua mtoto, akatoka naye uani. Hakubamiza mlango. Yuko huko mpaka sasa, namsikia akimwimbia, na mtoto anaitikia maneno mawili matatu.

Basi nimefika nilikoahidi kufika. Mkubwa alikuwa na miaka minne na maneno yake yalikuwa yanakwisha. Nilichota udongo wa Tuta peke yake, na wa bustani peke yake, nikaupima maabara Jumamosi moja watu wakiwa hawapo. Sumu ilivyozidi, ilinibidi kuuzimua kwa maji mara nyingi ndipo mashine iweze kuusoma. Nilirudi nyumbani. Mama watoto alikuwa ameweka mchicha mezani. Ningesema neno moja, angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa cheo changu, nyumba hii, na jina langu kwa kila jirani. Nikasema sizipendi tena mboga. Alicheka, akasema nimekuwa paka. Mwezi uliofuata nilimpeleka binti yangu kwa dada yangu, kwa kuwa alikuwa mdogo na angeweza kuokoka bila mtu kuuliza. Ningempeleka na Mkubwa, watu wangeuliza. Mara moja nilimwaga chumvi bustanini ife. Mke wangu alidhani ni wadudu, akaleta ndoo kumi za udongo mpya kutoka Tuta. Aliila bustani ile miaka mingine ishirini na minne, mpaka akazikwa.

Nilizipenda mboga maisha yangu yote. Kila siku aliniwekea sehemu yangu, akitumaini leo nitakula, na kila siku niliisogeza kwenye sahani ya Mkubwa.